Mama Toboa wa Kiwanda cha Mbegu

Mtu asiniambie habari za Nabwile kama hakufanya kazi naye. Juzi nilikuwa Kanduyi nikinunua kamba ya ng'ombe. Muuzaji, kijana tu, aliposikia nilikuwa kiwanda cha mbegu kule Kitale, akacheka. "Ah, mzee, si kwenu ndiko kulikuwa na yule mama mkali wa kutoboa mapipa?" Nikamrudishia kamba yake mkononi. Mkali! Ndevu zenyewe bado anazihesabu, na tayari ana maoni juu ya watu. Nilienda kununua kamba kwingine, kwa bei ya juu zaidi, na sikujuta hata kidogo.

Mimi ni Mukhwana, mtu wa Matulo, hapo karibu na Webuye. Nilikuwa mtu wa stoo katika kiwanda kile hadi nywele zikanibadilikia rangi humo ndani. Siku hizi nimestaafu, nina ng'ombe wangu na goti moja linalonijulisha mvua ikikaribia. Lakini niamshe usingizini uniulize stoo yetu ilinuka vipi mwezi wa pili, msimu wa mbegu ukipamba moto, na nitakuambia. Ilinuka mahindi makavu, magunia mapya, na ile dawa nyekundu ya kupaka mbegu, yenye harufu tamu ya udanganyifu. Tulirudi nyumbani na vumbi la waridi kwenye nyusi. Ukipenga kamasi, kitambaa chote chekundu. Tulikuwa tunaonyeshana vitambaa na kucheka, wajinga sisi, nani ana nyekundu zaidi.

Jamani, nakikumbuka kiwanda kile. Asubuhi ya Kitale ina baridi ya kukata masikio. Malori yalikuwa yamejipanga langoni, madereva wakiota moto wa magunzi ya mahindi. King'ora cha chai kikilia, akina mama wa kuchambua mbegu wanatoka na vikombe vyao vya bati, na Wamboi wa jikoni anamimina chai ya maziwa bila kumuuliza mtu sukari, maana alitujua sote midomo yetu. Nikipita pale sasa naona mashine zinafanya kila kitu, na watu wachache wamevaa vitu masikioni, hakuna anayeongea na mwenzake. Naumia, siwezi kuficha.

Nabwile aliletwa ofisi ya manunuzi. Kila kitu kilichoingia kiwandani, kuanzia misumari hadi dawa ya mbegu, lazima kipite kwake kwanza. Alikuwa mtu wa Myanga, mwembamba, sauti ndogo, anatembea kama anayechelewa kanisani. Sisi Wabukusu wa kiwandani tulimpokea kwa furaha, tukasema sasa tuna mtu wetu ofisini. Tulikuwa hatujui tunapokea nini.

Lazima uelewe alivyosoma, la sivyo hutaelewa lolote. Baba na mama yao walikufa wao wakiwa bado wadogo, akabaki na kaka yake, Wekoye. Siku moja Wekoye alitoka shule na hakurudi tena. Akaenda kukata miwa ili Nabwile abaki darasani. Alikuwa na akili, huyo Wekoye, walimu walimlilia, lakini pesa ilitosha mtoto mmoja tu. Nabwile akasoma hadi chuo kikuu, akasomea mambo ya kemikali. Wekoye akabaki na panga. Nabwile aliniambia hayo mwenyewe, kwenye mabunda ya magunia, na kila akilitaja jina la kaka yake alikuwa anaweka mkono kifuani. Alimwita Baba Kevin, kwa jina la mwanawe wa mwisho, kwa heshima.

Sasa kuhusu mapipa. Dawa ya mbegu ilikuja kwa mapipa ya plastiki, ya buluu, makubwa, ambayo mtu mzima angeweza kujificha ndani. Dawa ikiisha, pipa linaoshwaoshwa, halafu linapewa mfanyakazi. Hiyo ilikuwa desturi ya kiwanda tangu enzi na enzi. Tulipiga kura kwa vijiti, na mwenye kushinda alibebwa juu juu. Pipa la Kitale! Ukilifikisha nyumbani kwa baiskeli, majirani wanatoka kutazama. Unaliweka chini ya mfereji wa bati, mvua inajaa humo, mkeo hateki tena mtoni. Na mwaka wa tohara, hapo sasa! Agosti ya mwaka wa tohara kila mwenye mwana wa kutahiriwa alitafuta pipa la kuchachushia busaa, pombe yetu ya wimbi, maana wageni hawahesabiki na vyungu havitoshi. Watu walinipigia simu kutoka Bungoma yote. Ndugu ambao sikuwajua walinikumbuka ghafla.

Nabwile naye alipata yake. Mwaka wake wa kwanza alishinda mapipa mawili, akakodi pikapu, akampelekea Wekoye. Nilikuwa naye siku hiyo, nilisaidia kushusha. Kaka mtu alizunguka yale mapipa akiyapigapiga kama anayepima ng'ombe wa mahari, halafu akacheka kwa sauti, akasema, "Sasa nimeona faida ya kusomesha." Nabwile alilia kwa furaha. Ile ilikuwa siku nzuri sana.

Ila huyu mama alikuwa na namna yake ya kununua. Wenzake waliomtangulia walikuwa wanauliza bei, wanauliza lini italetwa, basi. Nabwile alinunua dawa kama mzee anayechunguza ukoo wa msichana kabla ya posa. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Ukikasirika unafanya nini? Muuzaji akija, kabla hajaketi, anaulizwa karatasi ya usalama ya dawa yake: inachoma ngozi? Mvuke wake unafanya nini kifuani? Ikimwagika inazolewa na nini? Ikifika mtoni, samaki wanapona? Muuzaji asiye na karatasi hiyo aliondoka na jasho lake.

Na hakuridhika na karatasi. Alikuja stoo akaniambia, "Mzee Mukhwana, twende tuifuate dawa." Kuifuata dawa kulikuwa kutembea nayo kwa miguu kutoka langoni hadi mwisho wake. Anasimama lori likishusha, anatazama vijana wakiviringisha pipa kwa mikono mitupu. Anaandamana nalo hadi chumba cha kuchanganyia, anauliza dirisha liko wapi. Anafuata maji ya kuoshea mashine kwenye mfereji nyuma ya ukuta, mpaka kwenye kijito ambacho akina mama wa mtaa walikuwa wanafulia nguo. Aliponiona nimechoka alikuwa ananitania, "Mzee, ama nikuitie bodaboda?" Kwa sababu ya matembezi hayo tulipata glavu, tukapata barakoa za maana, na dirisha likatobolewa ukutani. Kitambaa changu kikarudi kuwa cheupe. Nilimpenda kwa hilo, na naendelea kumpenda.

Mwaka mmoja, kama elfu mbili na kumi na tano hivi, meneja wetu, Kimaiyo, aliamua tubadilishe dawa. Wadudu walikuwa wameizoea ya zamani, ikatakiwa yenye nguvu zaidi. Kimaiyo hakuwa mtu mbaya, lakini bodi ilikuwa inamkalia shingoni. Akaja muuzaji kutoka Nairobi, Mbogo, viatu vinang'aa kuliko kioo changu cha kunyolea. Nabwile akaniita mkutanoni kwa vile dawa zilikaa kwangu. Mbogo akasifu dawa yake wee, mwisho akaona hatujasisimka, ndipo akaangusha turufu.

"Na mapipa yetu, Madam," akasema, "ni mazito kuliko ya wengine wote. Mfuniko mpana, mkono mzima unaingia ndani kuosha. Watu wenu watafurahi sana."

Haki ya Mungu, nilitabasamu. Mimi mwenyewe nikaona hilo ni jambo la maana. Kimaiyo naye akatikisa kichwa kukubali. Nabwile peke yake aliiweka kalamu chini.

Alipotoka hapo alisema twende tukaifuate dawa, ile ya zamani, mara moja tena. Tukatembea njia yetu yote. Kumbe safari hii hakusimama kwenye mfereji. Tulifika langoni, na jamaa mmoja alikuwa anatoka na pipa lake limefungwa nyuma ya baiskeli, anapiga mluzi. Nabwile akamtazama mpaka akapotea barabarani.

"Lile linaenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, Madam."

"Kufanya nini?"

"Kuwekea maji, si unajua. Hata kwenu Myanga yako mawili."

Alishika chuma cha lango. Nikaona midomo yake imekauka, na mimi, mjinga wa Matulo, nikadhani ni jua.

Basi alivyobadilisha tenda, bana, usiniulize walivyopiga kelele. Sharti lake lilikuwa moja tu: atakayetuuzia dawa atayachukua mapipa yake mwenyewe dawa ikiisha, yote, yakiwa yameshaoshwa na kutobolewa ili yasifae kwa maji wala kwa chochote. Mbogo akacheka, alipoona hakuna anayecheka naye akaondoka. Muuzaji mwingine aliyekubali, bei yake ilikuwa juu. Kimaiyo alikunja uso, lakini Nabwile alimweka chini akamweleza kwamba plastiki inakunywa dawa, inaishika ndani ya ngozi yake, na kuosha kwetu ni kuosha kwa macho tu. Ukitia maji inatoka kidogo kidogo. Ukitia kitu kichachu kama busaa, inatoka zaidi. "Na hii mpya ni kali mara nyingi kuliko ile," akasema. Kimaiyo akatia sahihi.

Nani alitoboa? Mimi. Nilipewa chuma chenye ncha na nyundo, nikayatoboa mapipa pale uwanjani watu wakitazama. Unajua kutoboa pipa zima mbele ya mtu ambaye mke wake anateka maji mtoni? Mwanamke mmoja wa kuchambua mbegu alilia kabisa. Wengine walitema mate. Wakampa Nabwile jina, Mama Toboa, na hata salamu wakamnyima. Anapita na "habari za asubuhi" yake, wanageuza visogo. Alikuwa anaingia ofisini anafunga mlango, na ukisikiliza vizuri unasikia anapenga kamasi. Yeye huyo ndiye "mkali".

Tena alimwomba Kimaiyo kiwanda kinunue mapipa mapya, masafi, ambayo hayajawahi kuonja dawa. Mfanyakazi akileta la zamani kutoka nyumbani, anapewa jipya. Wengi walileta. Mimi nilileta langu, mke wangu akanuna wiki nzima halafu akanyamaza. Na Nabwile akapeleka mawili mapya Myanga.

Wekoye hakufurahi. Alikuwa mtu wa heshima lakini kichwa chake, ala, jiwe la mlima wa Chetambe. "Tumekunywa humo miaka yote hii," akasema, "nani amekufa hapa?" Nabwile akambembeleza, akambembeleza. Mwishowe Wekoye akasema, "Sawa, nimesikia," akayaachilia ya zamani, akapokea mapya. Tulirudi Kitale tukiimba ndani ya gari. Tulijua yamekwisha.

Agosti iliyofuata ilikuwa ya tohara, na Kevin, kitinda mimba wa Wekoye, alikuwa anatahiriwa. Nilialikwa. Ah, Myanga ile siku! Vumbi, njuga, nyimbo zinatoka kila boma, ng'ombe wanakimbia kwa kelele. Tulifika mchana, Nabwile amevaa kitenge kipya kama inavyompasa shangazi wa mtoto, wanawake wakampokea kwa vigelegele. Kevin alikuwa anacheza njuga uwanjani, jasho limemloanisha, na shangazi yake akamtunza noti kwenye paji la uso. Moyo wangu ulikuwa umejaa. Nikakumbuka tohara yangu, mto wa kwetu, marehemu baba yangu akiniangalia kwa jicho la kuniambia nisitikisike.

Tukaenda nyuma ya nyumba kuona busaa. Mapipa mapya yalikuwa pale, yamejaa. Kando yao kulikuwa na la tatu.

Wageni walikuwa wameongezeka kuliko alivyofikiri, kwa hiyo Wekoye alikuwa ameenda kando ya barabara akajinunulia pipa la ziada. La buluu. Zito, mfuniko mpana. Lebo ilikuwa imebanduliwa. Lakini chini kidogo ya ukingo, mahali brashi haifiki, kulikuwa na mstari wa waridi kuzunguka pipa lote. Rangi ile mimi na Nabwile tungeijua hata gizani. Ni kiwanda gani kilikuwa kimenunua kwa Mbogo na kuuza mapipa yake, sikujua, na sijui hadi leo.

Nabwile alimwita kaka yake pembeni, kwenye migomba. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Baba Kevin, hilo la tatu lisinywewe. Nakuomba."

"Nimelisugua mwenyewe, kwa mchanga na maji moto."

"Haitoki. Hiyo ni ile dawa mpya."

"Wazee wameshaketi, Nabwile. Hiyo ndiyo watakayombarikia mtoto. Unataka niwaambie nini? Ati dada yangu amesema pipa ni baya?"

"Waambie hivyo. Waambie ni mimi."

"Hapana." Akaongea polepole, nakumbuka, bila ukali. "Leo hapana. Kesho nitalitupa."

Akarudi kwa wageni. Nabwile alibaki pale kwenye migomba, na mimi nikajua anachopima. Ile ilikuwa kazi yake ya kila siku, kupima, lakini siku hiyo upande mmoja kulikuwa na wazee na watoto watakaolamba kata, na upande wa pili alikuwa mtu aliyekata miwa ili yeye asome. Nilitamani nimshike mkono nimwambie tuondoke, tujifanye hatukuona. Nakwambia ukweli, nilitamani.

Akatoka kwenye migomba, akaenda moja kwa moja, akaliegemea lile pipa kwa bega lake lile jembamba, na akalisukuma. Halikwenda. Akasukuma tena. Likaanguka na busaa yote ikamwagika, ikakimbia uani kati ya miguu ya watu. Akaanza kufukuza kuku wasidonoe, analia, kitenge kimelowa mpaka magotini.

Njuga zilinyamaza. Kumwaga busaa ya mtoto anayetahiriwa! Hata mimi mwenyewe mwili ulinisisimka. Mzee mmoja alisimama na fimbo yake akaondoka. Wekoye alikuja, akatazama lile tope, akamtazama dada yake.

"Nilikusomesha wewe," akasema, "ili uje unimwagie busaa ya mwanangu mbele ya watu?"

"Baba Kevin..."

"Usiniite. Ondoka. Na usikanyage hapa tena."

Tuliondoka.

Sherehe ilifanyika. Majirani walileta vyungu vyao, watu wakanywa ya mapipa mapya, wazee wakapatikana wa kubariki. Kevin alisimama kiume. Na hakuna aliyeugua. Hapo ndipo ninapokasirika hadi leo! Hakuna aliyeumwa hata na tumbo, kwa hiyo kila mtu akasema, mmeona, hakukuwa na kitu, yule mama ana wazimu wa vitabu. Bana, mtu ukimvuta kutoka njia ya lori, lori likapita, atakwambia umemchania shati. Angeacha wakanywa, wakaumwa, angeitwa mwenye hekima. Nilibishana na watu Webuye, Bungoma mjini, kwenye matanga, kila mahali. Nabwile aliniambia niache. "Mzee Mukhwana," alisema, "hawajaugua. Si ndicho nilichotaka?" Akajaribu kucheka, na hakikuwa kicheko.

Miaka ikaenda. Alimtumia kaka yake salamu, hazikurudi. Alimpigia, simu ikalia tu hadi ikachoka. Harusi za watoto wa Wekoye alizisikia kwa watu. Kazini alisonga mbele, viwanda vingine vikaja kujifunza kwake namna ya kuifuata dawa, na kidogo kidogo salamu za asubuhi zikarudi. Tulipostaafu tulikatiwa keki moja, mimi na yeye. Wamboi akatupikia chai ya mwisho na akaweka sukari sawasawa. Mimi ndugu zangu walijaa siku ile. Kiti alichomwekea Baba Kevin kilikaa bure, na baadaye tukaweka mikoba juu yake.

Mwaka juzi, Agosti, ya tohara tena, nilikuwa nimepanda Kitale kuona daktari wa goti. Sipiti Kitale bila kunywa chai kwa Nabwile. Tulikaa barazani, yeye anakata kabichi na kuiosha kwenye beseni, tunaongea mambo ya zamani, nani amekufa, nani ameota kitambi. Simu yake ikalia mezani. Nikaitazama mimi kwanza. Imeandikwa Baba Kevin.

Alikaa tu, mikono ndani ya maji.

"Pokea, bana!" nikamwambia.

"Mikono imelowa."

"Ala! Kwa hiyo?" Nikabonyeza mwenyewe, nikaweka sauti ya nje, nikaisogeza karibu yake.

Hapakuwa na salamu. Tulisikia njuga kwa mbali, na pumzi ya mtu mzee.

"Nabwile."

"Baba Kevin."

"Derrick anatahiriwa. Mjukuu."

"Nilisikia. Mungu amsimamishe."

"Wageni ni wengi. Nimenunua pipa kwa Kadija, yule mama wa bekari hapo karibu na msikiti mjini. Anasema lilikuwa la mafuta ya kupikia. Simjui kuwa mwongo. Lakini..." Akakohoa. "Nimesimama hapa na ndoo ya busaa tangu asubuhi. Nimeshindwa kumimina."

Nabwile alifunga macho.

"Lina karatasi?" akauliza.

"Iko, imebandikwa ubavuni. Kizungu. Na Kevin ameenda kuleta mahema, hakuna wa kunisomea."

"Wewe nisomee."

"Mimi? Kizungu changu kiliishia kwenye miwa, Nabwile. Unajua."

"Nisomee, kaka. Polepole. Niko hapa."

Tulimsikia akitafuta miwani, akiinama, goti lake likilia kama langu. Akaanza. Alisoma silabi moja moja kama mtoto wa darasa la pili, akikwama, akirudi nyuma. Neno la kwanza, neno la pili, na hapo hapo mimi na Nabwile tukajua. Mafuta ya kupikia. Safi kabisa, ya kukaangia maandazi, hayana neno. Nikafungua mdomo nimwambie mimina, mzee, mimina! Nabwile akaniwekea kidole chake, na maji ya kabichi yote, kwenye midomo.

"Endelea," akasema kwenye simu.

Wekoye akaendelea. Akasoma uzito. Akasoma mji yalikotengenezwa. Akasoma ati yawekwe mahali pasipo na jua. Akasoma namba, moja moja, kwa sauti ya kwaya, na alipokosea alisema "ngoja" na akaanza upya. Alikuwa anasoma vizuri zaidi kadiri alivyosonga. Machozi yalikuwa yanamteremka Nabwile mpaka kidevuni, na alikuwa anatabasamu.

"Imeisha," Wekoye akasema, anahema. "Ndiyo hiyo. Nimimine?"

"Kuna upande wa pili?"

"Uko. Huko pia kumeandikwa."

"Ligeuze, kaka. Unisomee na huko."

Tukasikia pipa likiviringishwa juu ya ardhi ya Myanga, mtu akimwambia mtoto asogee, na Wekoye akaanza kusoma tena.